Tiba ya seli za kinga kwa saratani ya mapafu: Familia ya Sumbawanga ijue nini kabla ya kuuza shamba?

Mzee anakohoa tangu msimu wa kulima. Amepimwa TB, haikuonekana. Amepewa antibayotiki mara tatu, hali ni ile ile. Amekonda, na sasa makohozi yana damu. Anapofikishwa hospitali kubwa na majibu kutoka, saratani ya mapafu imeshasambaa.

Hapo simu za watoto zinaanza kazi. Mmoja yuko Dar, mwingine Tunduma, wa tatu amebaki Laela na mzee. Kwenye grupu la familia mtu anatuma habari: kuna tiba mpya ya "seli za kinga", inatolewa nje ya nchi, na watu wanapona hata saratani iliyofika hatua ya nne. Swali linalofuata ni moja: tuuze shamba?

Tiba hiyo ipo kweli, wala sio uzushi wa mitandaoni. Lakini kwa saratani ya mapafu bado ni ya majaribio, na wengi wanaoitafuta hawataipata. Wakati huohuo kuna huduma zinazoweza kumpa mgonjwa wa Ufipa siku nyingi na nzuri zaidi, ila familia huzifikia zikiwa zimechelewa.

Kwa ufupi

- Tiba ya seli za kinga hutumia chembe nyeupe za damu za mgonjwa mwenyewe, zikaongezwa au kubadilishwa maabara, kisha zikarudishwa mwilini.
- Imepata mafanikio makubwa kwenye baadhi ya saratani za damu. Kwa mapafu bado iko kwenye majaribio.
- Jaribio halali la kitabibu halimuuzii mgonjwa tiba inayojaribiwa.
- Kikohozi kisichoisha kinahitaji uchunguzi zaidi hata kama kipimo cha TB hakijaonyesha kitu.

Tiba hii ni nini hasa?

Mwili una askari wake. Miongoni mwao ni seli T, aina ya chembe nyeupe za damu zinazotambua seli zilizoharibika na kuziua. Saratani inapokua, mara nyingi maana yake ni kwamba askari hao wamezidiwa, wamechoka au wamefichwa adui.

Wazo la tiba ya seli ni kuwatoa askari hao nje, kuwaongeza idadi au kuwapa uwezo mpya, kisha kuwarudisha. Njia kuu ni mbili.

Ya kwanza inaitwa TIL. Madaktari wanakata kipande cha uvimbe, wanatafuta seli T ambazo tayari zilishaingia humo kupambana, kisha wanazizalisha maabara hadi kufikia mabilioni. Mtafiti aliyeifungulia njia ni Steven Rosenberg wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, ambaye mwaka 1988 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa wa melanoma, aina ya saratani ya ngozi.

Ya pili ni CAR-T. Hapa seli T zinachukuliwa kwenye damu, zinawekewa jeni inayozipa "jicho" la kutambua alama fulani juu ya seli ya saratani, kisha zinarudishwa. Marekani iliidhinisha tiba ya kwanza ya aina hii Agosti 2017, kwa watoto na vijana wenye saratani ya damu ambayo dawa nyingine zilishindwa.

Inafanyikaje?

Anayesikia "seli" anaweza kudhani ni sindano moja tu halafu mgonjwa anarudi nyumbani. Sivyo. Kwa njia ya TIL, safari ni hii:

1. Mgonjwa anafanyiwa upasuaji ili kutoa kipande cha uvimbe.
2. Kipande kinapelekwa maabara maalumu, na seli zinakuzwa kwa takriban wiki tatu au zaidi.
3. Kabla ya kurudishiwa seli, mgonjwa anapewa kemo kali kwa siku kadhaa. Lengo ni kuondoa chembe nyeupe zilizopo ili wageni wapate nafasi.
4. Seli zinaingizwa kwa dripu.
5. Baada ya hapo anapewa dawa iitwayo IL-2 ya kuzichochea seli hizo. Dawa hii inaweza kuleta homa kali, kushusha presha na kujaza maji mwilini.

Kipindi chote cha mwisho mgonjwa yuko wodini, karibu na ICU, damu ya kuongezewa ikiwa tayari, maana kinga yake imeshushwa karibu na sifuri. Maambukizi madogo tu yanaweza kumuua.

Ndiyo maana majaribio haya huchagua watu ambao bado wana nguvu: wanatembea, wanajihudumia, moyo na figo vinafanya kazi vizuri. Mwenye TB ambayo haijatibiwa, kwa mfano, hawezi kuingizwa, kwa sababu kumshusha kinga ni sawa na kuifungulia TB mlango.

Kwa mapafu imefika wapi?

Saratani ya mapafu ndiyo inayoongoza duniani. Kwa takwimu za kimataifa za mwaka 2022, watu takriban milioni 2.5 waligundulika nayo na takriban milioni 1.8 walifariki. Watafiti wana kila sababu ya kuhangaika nayo, na wamejaribu.

*China, 2016.* Oktoba mwaka huo, timu ya Dk Lu You katika Hospitali ya West China mjini Chengdu ilimrudishia mgonjwa wa saratani ya mapafu seli zake mwenyewe, baada ya kuizima jeni ya PD-1 kwa teknolojia ya CRISPR. Jeni hiyo hufanya kazi kama breki ya seli T. Ilikuwa mara ya kwanza duniani seli zilizohaririwa kwa CRISPR kuingizwa kwa binadamu.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Wagonjwa 22 waliandikishwa, lakini 12 tu ndio waliofika hatua ya kupewa seli. Baadhi ya waliobaki, seli zao hazikutosha. Usalama ulionekana mzuri, ila tiba haikusinyaza uvimbe kama ilivyotarajiwa.

*Marekani, 2021.* Kituo cha Saratani cha Moffitt, mjini Tampa, kilichapisha jaribio la TIL kwa wagonjwa 20 wa saratani ya mapafu iliyosambaa. Kati ya 13 ambao matokeo yao yaliweza kupimwa, 11 uvimbe wao ulipungua kwa kiasi fulani na watatu walithibitika kuitikia tiba vizuri. Wawili saratani ilitoweka kabisa kwenye vipimo, na mwaka mmoja na nusu baadaye ilikuwa bado haijarudi.

Wawili hao ndio sababu ya matumaini. Lakini ni wawili kati ya 20 walioandikishwa.

*Baada ya hapo.* Februari 2024 Marekani iliidhinisha tiba ya kwanza ya TIL, iitwayo lifileucel, lakini kwa melanoma, sio mapafu. Tiba hiyohiyo ilikuwa inajaribiwa pia kwa saratani ya mapafu. Desemba 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ililisimamisha jaribio hilo baada ya kifo cha mgonjwa, kisha Machi 2024 ikaruhusu liendelee. Hivyo ndivyo majaribio yanavyokwenda: kuna kupona, kuna kufa, na kuna kusimama ili kujua kilichotokea.

Kwa nini damu iwezekane, mapafu yakatae?

Saratani nyingi za damu zinazotibiwa kwa CAR-T zina alama moja iliyo wazi, CD19. Seli T zikifundishwa kuitafuta alama hiyo, zinaua seli za saratani pamoja na seli B zilizo nzima. Mwili unaweza kuishi bila seli B kwa muda, mgonjwa akisaidiwa.

Kwenye mapafu mambo ni tofauti. Alama nyingi zilizo juu ya uvimbe zipo pia kwenye viungo vizima, hivyo askari anaweza kushambulia nyumba yake mwenyewe. Pia uvimbe wa mapafu ni mgumu kupenya, una mazingira yanayochosha seli za kinga, na seli zake hazifanani: ukiua kundi moja, jingine linabaki.

Usichanganye na "dawa za kinga"

Hapa ndipo habari nyingi za mitandaoni zinapopotosha. Kuna dawa za dripu kama nivolumab na pembrolizumab ambazo huitwa pia tiba ya kinga. Hizo sio seli. Ni dawa zinazotengenezwa kiwandani, zinazoachia breki ya seli T ndani ya mwili wa mgonjwa. Ugunduzi wa breki hizo uliwapa James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2018.

Dawa hizo zimeshaidhinishwa kwa saratani ya mapafu katika nchi nyingi, na zimebadilisha maisha ya baadhi ya wagonjwa. Hazimfai kila mtu, na bei yake ni kubwa.

Jambo ambalo familia nyingi hazilijui: wagonjwa wa Tampa walianza kwa kupewa nivolumab, na TIL ikaja baada ya dawa hiyo kushindwa. Tiba ya seli sio mlango wa kwanza. Ni wa mwisho, na unafunguka kwa aliyeshapita milango mingine akiwa bado na nguvu.

Tanzania imefika wapi?

Tiba ya seli za kinga kwa saratani ya mapafu sio huduma inayotolewa hospitalini nchini. Ila hatua za karibu yake zimeanza. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikaanza mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu. Kupandikiza uloto kunahitaji vyumba safi, wataalamu wa kutenga seli na uangalizi wa mtu asiye na kinga. Hayo ndiyo mazoezi ambayo nchi yoyote hupitia kabla ya kufikiria CAR-T au TIL.

Kwa saratani kwa ujumla, Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam ndiyo kituo kikuu cha taifa. Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi nazo zina huduma za saratani. Kwa mkazi wa Rukwa, ngazi ya kawaida inaanzia zahanati au kituo cha afya, hospitali ya wilaya, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyoko Sumbawanga, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au Dar.

Kwenye ramani ngazi hizo zinaonekana chache. Kwa mtu wa Kirando au Kasanga, pembezoni mwa Ziwa Tanganyika, ni suala jingine. Kufika Sumbawanga tu ni safari, Mbeya ni zaidi ya kilomita 300 mbele, na Dar ni zaidi ya kilomita 1,000. Kila ngazi inakula nauli, malazi na siku za kazi, za mgonjwa na za anayemsindikiza.

Na India je?

Wagonjwa wengi wa Tanzania wenye uwezo, au waliochangiwa, huenda India. Nchi hiyo iliidhinisha CAR-T yake ya kwanza Oktoba 2023. Inaitwa NexCAR19, na ilitokana na kazi ya taasisi ya IIT Bombay na Hospitali ya Tata Memorial. Bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ya Marekani, ambako CAR-T ya kwanza ilitangazwa kwa dola 475,000, zaidi ya Sh1 bilioni. Hata hivyo, bado inahesabiwa kwa makumi ya maelfu ya dola.

Lakini jambo muhimu ni hili: NexCAR19 ni ya saratani za damu. Mtu akimwambia mgonjwa wa mapafu "India wana CAR-T, twende", amesema nusu ya ukweli. Nusu iliyobaki ndiyo inayouza mashamba.

Maswali sita kabla ya kutoa hela

Kuna kliniki katika nchi mbalimbali zinazouza "seli" kwa kila ugonjwa, kuanzia kisukari hadi saratani. Familia ikipata ofa, iulize:

1. *Je, hili ni jaribio lililosajiliwa?* Jaribio halali lina namba ya usajili inayoweza kuonekana na mtu yeyote mtandaoni.
2. *Nani amelipa kibali?* Kwa Tanzania, majaribio ya dawa hupitiwa na TMDA, na maadili yake hupitiwa na NIMR. Kila nchi yenye utaratibu ina vyombo vya namna hiyo.
3. *Kwa nini mgonjwa alipie tiba inayojaribiwa?* Kwenye jaribio la kweli, tiba yenyewe hutolewa bure. Nauli na malazi ni mazungumzo mengine.
4. *Wamemuuliza mgonjwa majibu ya kinyama?* Anayekubali mgonjwa bila kujua aina ya saratani yake anauza matumaini.
5. *Wamesema nini kuhusu madhara?* Jibu la "haina madhara" ni jibu la uongo.
6. *Daktari anayemtibu sasa anasemaje?* Kama ofa inataka afichwe, iachwe.

Kinachowezekana leo, kuanzia nyumbani

*Kwanza, kikohozi kifuatiliwe.* Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi anatakiwa kupima TB, na huduma hiyo ni bure kwenye vituo vya serikali. Hilo ni sawa. Tatizo huanza kipimo kinapotoka safi, na mtu akarudi nyumbani na dawa ya kikohozi. Akipita mwezi bado anakohoa, akiwa amekonda, ana maumivu ya kifua, sauti imekauka au anatema damu, aombe eksirei na rufaa. Na aliyemaliza dawa za TB bila nafuu naye arudi. Kovu la TB ya zamani linaweza kuificha saratani kwenye picha, na magonjwa hayo mawili yanaweza kukaa kwenye pafu moja.

Wapo wanaopita kwanza famasi, kisha kwa mganga. Jina la Sumbawanga lenyewe kwa Kifipa huelezwa kuwa ni "tupa uchawi", na kikohozi kinachokonda mtu bado husemwa vingine. Mzee anaweza kuheshimiwa kwa imani yake huku akipelekwa kupiga picha. Kimoja hakizuii kingine.

*Pili, kinyama.* Picha pekee haitoshi. Daktari anachukua kipande kidogo cha uvimbe na kukipima ili kujua aina. Takriban asilimia 85 ya saratani za mapafu ni za kundi moja linalokua polepole kidogo, na zilizobaki hukimbia haraka. Tiba zake ni tofauti. Baadhi, hasa kwa wasiovuta sigara, zina badiliko la jeni kama EGFR ambalo hutibiwa kwa vidonge. Bila kinyama, hakuna anayejua. Na bila kinyama, hakuna jaribio lolote duniani litakalompokea mgonjwa.

*Tatu, tiba shufaa mapema.* Wengi wakisikia neno hili wanadhani ni "mpelekeni akafie nyumbani". Kumbe ni huduma ya kutuliza maumivu, kupunguza kubanwa pumzi, kumsaidia mgonjwa kula na kulala, na kuiandaa familia. Mofini ya kunywa ni sehemu yake, na ikitolewa na mtaalamu kwa kipimo sahihi ni dawa ya kawaida ya maumivu ya saratani.

Ushahidi wake unashangaza. Mwaka 2010 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha utafiti wa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa. Kundi moja lilipata tiba ya kawaida tu. Jingine lilipata tiba hiyo pamoja na tiba shufaa tangu mwanzo. Kundi la pili lilikuwa na hali nzuri zaidi ya maisha na msongo mdogo, na liliishi kwa wastani miezi 11.6, dhidi ya 8.9 ya kundi la kwanza.

Karibu miezi mitatu zaidi, bila maabara ya seli na bila visa. Ni muda unaotosha kuvuna mahindi, kuona mjukuu akibatizwa, au kumaliza mazungumzo yaliyokuwa yamebaki.

*Nne, moshi.* Sigara ndiyo chanzo kikuu cha saratani ya mapafu duniani. Lakini moshi wa kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha nao umewekwa na wataalamu wa Shirika la Afya Duniani kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Katika baridi ya Ufipa, Juni na Julai, jiko ndilo sebule. Kufungua dirisha, kuweka bomba la moshi au kuhamisha moto nje kunamsaidia mama na mtoto anayekaa mgongoni.

Kwa hiyo shamba liuzwe?

Kwa tiba ya seli za kinga ya saratani ya mapafu, kama ilivyo sasa, hapana. Mgonjwa anayestahili jaribio hupewa tiba bure, na asiyestahili hatastahili kwa kuwa amelipa.

Hela ya familia ina kazi iliyo karibu zaidi: nauli ya Mbeya au Dar, kipimo cha CT-Scan, kinyama, na chakula cha anayemsindikiza. Ikitumika hapo mapema, inaweza kununua kitu ambacho sayansi bado haijaweza kukileta Sumbawanga kwa dripu: muda.

Na tiba ya seli ikifika siku moja, atakayeipata ni yule ambaye kikohozi chake hakikupuuzwa.